King'ora Kilichoachwa Nje ya Kifurushi

Euphrasia Mabula, au Mama Noela kama alivyoitwa ofisini, hakuwa mtu wa kupendwa, wala hakuhangaika kupendwa. Kwa miaka sita alikuwa mfungashaji katika kampuni ndogo ya programu mjini Geita. Wenzake wakishaandika vipande vyao, yeye ndiye aliyevikusanya kuwa kifurushi kimoja cha kupakuliwa na mteja. Kisichopita mkononi mwake hakikumfikia mteja, na alihakikisha kila mtu analijua hilo.

Safari hii walikuwa wametengeneza programu ya kuhesabu wachimbaji. Anayeshuka duarani, yaani ndani ya shimo la mgodi, anagusisha kadi kwenye kishikwambi, akipanda anagusisha tena. Zamu ikiisha na mtu bado yuko chini, king'ora kinalia. Wachimbaji wa Runzewe wangeanza kuitumia Ijumaa, kwa hiyo bosi, Deusdedit, alitangaza zuio tangu Jumatatu: hakuna kugusa chochote. Likitokea la lazima, lisainiwe na watu wawili.

Jumanne, Wiliam, kijana wa miaka ishirini na sita, alileta rekebisho la maandishi yasiyosomeka juani. Euphrasia alilikataa, na hapo alikuwa na haki. Ila mdomo wake haukuishia hapo. Alisimama katikati ya ofisi akasema mtu makini haleti viraka wiki ya zuio, na kwamba wanaolipua kazi wakauze maji stendi. Watu wanane walisikia. Wiliam alirudi kwenye kiti chake macho mekundu.

Alhamisi asubuhi Euphrasia alitoa kishikwambi kipya kwenye boksi, akakiwekea kifurushi. Akaingiza kadi kumi, akatoa tisa, akamaliza zamu. Kimya. Akarudia. Kimya. Faili ya sauti ya king'ora haikuwemo. Yeye mwenyewe hakuiorodhesha kati ya faili za kifurushi. Vishikwambi vya ofisini vililia siku zote kwa sababu, kwa ubahili wao wa bando, walizoea kuweka toleo jipya juu ya la zamani, na sauti ya zamani ilikuwa imebaki humo. Vya Runzewe vilikuwa vipya vyote.

Alifikiria kule mgodini. Mtu wa juu ya duara anahangaika na winchi, hana muda wa kukodolea kioo. Asiposikia kitu, atafunga kazi aende zake, na mwenzake yuko chini.

Alimfuata Deusdedit.

"Kazi ilishapita, Mama Noela," Deusdedit alisema bila kuinua uso. "Ukiigusa ikaharibika, mteja nitamwambia nini? Tutarekebisha wiki ijayo."

"Wiki ijayo mtu anaweza kuwa ameshafia humo."

"Basi tafuta wa kusaini na wewe. Ikiharibika, Jumatatu usije."

Mbali na yeye, aliyejua ufungashaji pale ofisini alikuwa mmoja tu: Wiliam. Euphrasia alikaa karibu saa nzima akijidanganya kwamba wiki moja si nyingi, kwamba huenda zamu zote zitatoka salama. Uongo haukukaa. Akainuka.

Wiliam alimsikiliza hadi mwisho. "Jumanne ulisimama pale," alisema, akionyesha katikati ya ofisi. "Kasimame tena."

Euphrasia alimchukia kwa moyo wake wote. Akaenda akasimama. Akasema faili ameisahau yeye, kosa ni lake, na maneno aliyomwambia Wiliam yalimstahili yeye mwenyewe. Hakuna aliyemwonea huruma, mmoja alicheka.

Wiliam alikagua mstari mmoja aliouongeza Euphrasia kuingiza faili ya sauti, akafuta kila kitu kwenye kishikwambi, akaweka kifurushi kipya. Kadi kumi ziliingia, tisa zikatoka, zamu ikaisha. King'ora kililia hadi Deusdedit akaziba masikio. Wiliam akasaini.

"Nimesaini kwa ajili ya watu wa duarani," alimwambia Euphrasia. "Shikamoo yangu usiitegemee tena."

Euphrasia alisema sawa, akatuma kifurushi Runzewe.