Jora la Lamont

Effie Tolmie alishona kilti, zile sketi za sufu za wanaume wa Uskoti, mjini Beauly kwa miaka thelathini na miwili, nami nilikuwa mpiga pasi wake. Watu walimwamini. Ukimtajia jina la familia yako, alifungua kitabu akakuonyesha mirabaraba ya ukoo wako, maana kila ukoo una kitambaa chake.

Siku aliyokuja Archie Skirving, fundi wa mabomba, hakukifungua. Rafuni kulikuwa na jora la kitambaa cha ukoo wa Lamont lililokaa miaka bila mnunuzi.

"Skirving? Nyie ni watu wa Lamont, bwana," alisema bila kuinua macho.

"Kweli, Bi Effie? Mzee wangu ana miaka themanini, siku zote anadhani hatuna ukoo!"

"Basi mnao. Simama nikupime kiuno. Na mzee naye mlete."

Nilimtazama Effie. "Piga pasi wewe," akaniambia. Nikapiga pasi.

Mwaka uliofuata Archie alirudi na keki ya matunda aliyooka mkewe. Mzee alikuwa amefariki.

"Miezi ile ya mwisho alilala amejifunika kilti yake," alisema. "Muuguzi akiingia tu, anamwambia: 'Nishike vizuri, mimi ni Lamont!' Tumemzika nayo. Wiki ijayo tunachonga jiwe la kaburi, tuandike 'wa ukoo wa Lamont'. Nimekuja kukushukuru."

Effie aliiva uso mpaka shingoni. "Archie, msiandike."

"Kwa nini?"

"Nilikudanganya. Nilitaka kumaliza jora. Sijui nyie ni wa ukoo gani, wala kama mnao."

Archie akavaa kofia yake. "Baba aliwapigia simu ndugu wote, hadi wa Kanada. Alilia kwenye simu. Sasa mimi nikawaambie nini, Bi Effie?"

Akatoka. Keki aliiacha mezani. Effie hakuila, wala hakuthubutu kuitupa, mpaka ikaota ukungu.

Alimwandikia Archie barua mbili, hazikujibiwa. Jiwe lilichongwa jina na miaka, basi. Wala Archie hakumsema mjini, na hilo ndilo lililomuumiza Effie zaidi, maana watu waliendelea kumsifu kwa ukweli wake. Jumapili alianza kusali kanisa la kijiji cha pili, maili nne kwa miguu, ili asikae tena benchi la nyuma ya akina Skirving.