Namba ya Mama Iliyokubali Tisa

Hadi leo, nikisikia ile harufu ya majani chai mabichi kwenye gunia, ya unyevu na ya nyasi iliyokatwa, najikuta nikijumlisha tarakimu. Usinicheke, ngoja nikueleze.

Mama alikuwa na kadi ya mkulima yenye namba ya tarakimu saba. Tukiwa kwenye foleni ya kupima majani, mimi niliigawanya ile namba kwa chochote kilichonijia, bora tu muda uishe. Kwa saba ilikataa, ikabaki nne. Kwa tisa ilikubali, hakukubaki kitu, nami nikafurahi kama mtoto aliyeongezewa chapati. Mwalimu alikuwa ametufundisha kwamba namba ikikubali tisa, hata jumla ya tarakimu zake hukubali. Namba yenyewe, lakini, sikuikariri.

Kisha Mama akaenda kujifungua hospitali ya Longisa. Nyanya yangu, tuliyemwita Kogo, akachuma peke yake tangu alfajiri mpaka kikapu kikajaa. Tulipofika kituo cha kupimia majani nikatoa kadi mfukoni. Lo! Asubuhi nilikuwa nimetundika sweta kwenye ua wa ndama, naye akautafuna mfuko pamoja na kadi. Pale penye tarakimu ya nne palikuwa na shimo: saba, tatu, sifuri, shimo, mbili, tano, nne.

Simu ya Mama ilikuwa imezimwa. Karani, kijana mpole tu, alisema hawezi kubahatisha, maana akikosea tarakimu moja, jasho la Kogo litaandikwa kwa mtu mwingine. Na kurudi nayo nyumbani haikusaidia, majani ya chai hayalali. Kesho yangekuwa ya kutupwa. Lori la kubeba majani lilishawashwa. Kogo alishika mkanda wa kikapu. Nilitamani ardhi inimeze.

Ndipo nikakumbuka tisa. Nilijumlisha tarakimu zilizobaki, nikapata ishirini na moja. Ili ifike ishirini na saba, inayokubali tisa, ilihitaji sita, na hakuna tarakimu nyingine ambayo ingefaa.

"Ni sita," nikasema.

Karani akamtazama Kogo, ambaye hakuwahi kuingia darasani hata siku moja.

"Andika vile mtoto amesema," Kogo akamwambia.

Siku tatu nikazijumlisha tena na tena zile tarakimu. Mama aliporudi na mtoto mchanga, hata kabla hajaketi, nilimwuliza namba yake. Akaitaja bila kufikiri: saba, tatu, sifuri, sita. Sikungoja amalize. Nililia kwa furaha mpaka wageni wakadhani namwonea wivu yule mtoto. Kogo akacheka, akasema akili ni nywele, kila mtu ana zake.

Nimekuwa mtu mzima ndipo nikaona jambo lilivyokuwa. Sita ile ilisimama juu ya hesabu niliyoifanya kichwani, kwenye foleni, nikiwa mtoto wa darasa la tano. Ningekosea kugawanya, kikapu kizima kingepotea. Kogo hakujua kugawanya ni nini. Mimi nilikuwa na tisa ya kuegemea. Yeye alikuwa na mimi tu, na akaegemea.