Kilatini Sokoni Kikatiti

Kilatini nilijifunza seminarini kwa ajili ya ibada, na sikujua kwamba Warumi wa kale walikitumia pia kubembelezana. Likizo moja, miaka ile mitumba ilipoanza kumiminika, nilikuta kitabu cha mashairi yao katikati ya nguo sokoni Kikatiti. Binti aliyekuwa akiuza akanipa bure.

Shairi la kwanza lilimhusu mwanamume aliyelala mlangoni kwa mwanamke, akimsihi afungue. Tangu siku hiyo sikutulia. Nilijificha kwenye mibuni ya baba nikitafsiri, nikifuta, nikiandika tena. Siku ya soko iliyofuata nikaenda kumsomea yule binti.

“Mbona habishi hodi kama watu?” akauliza.

“Amebisha. Hafunguliwi.”

“Basi kaka, si aende kwao akalale.”

Nilicheka. Nilikuwa nimemfuata yeye, shairi lilikuwa kisingizio tu.

Siku ya kurudi seminari nilishuka basi njiani, Tengeru, nikarudi nyumbani kwa miguu. Nikamwambia mama sitasomea tena upadre. Aliendelea kumenya ndizi.

“Kamwambie baba yako mwenyewe,” akasema.

Nikabaki nikizunguka uani, nikishindwa kwenda kwa baba na nikishindwa kukaa.