Nilimpita Mama Mkwe Miguu Juu

Nakiri kwenu, wasomaji, kwamba kosa lilikuwa langu. Gia ya nyuma ya baiskeli yangu ilipoanza kuteleza, fundi wetu hapa mjini Baraka alinishauri ninunue mpya. Mimi, mjuaji, nikamwambia aichomelee ile ile, kisha atoe na breki. Kwenye simu nilikuwa nimeona baiskeli za namna hiyo: pedali hazipumziki, na unasimama kwa kuzikaza kwa miguu.

"We iko na miguu ya chuma?" fundi aliniuliza.

Jumapili nikaenda Lubondja kwa wazazi wa mchumba wangu, watupangie siku ya ndoa. Kwetu, mama mkwe humsalimii ukiwa juu ya baiskeli, lazima ushuke. Kwenye mteremko wa kuingia kijijini pedali zikanishinda, nikainua miguu yote miwili. Hapo ndipo nikamkuta mama mkwe njiani.

"Mama, nitashuka kule mbele," nikamwambia nikipita.

Nilishukia kwenye mihogo yao iliyoanikwa uani, mbele ya baba mkwe na wazee wote. Mama akafika taratibu, akanitazama nilivyojaa unga.

"Huyu mukwe iko na haraka ya kuoa," akawaambia. "Mumupe siku ya karibu, asitumalizie mihogo."