Mama Aliyezuia Wimbo

Wasomaji wangu, yule mama wa Kawempe, mke wa polisi, ametutoka, na Jumamosi tulimzika. Majina ya watu wa wakati ule ninayo yote kichwani, lakini siyaandiki. Wengine bado wako hai, na wana wajukuu.

Ilikuwa enzi ya serikali ya wanajeshi, vikundi vya sala kama chetu vimekatazwa. Tulisali nyumbani kwa fundi wa viatu, madirisha yamefungwa, na Jumapili tulikwenda hospitali ya Mulago kuwaosha wagonjwa wasio na ndugu. Kisha askari wakamkamata kiongozi wetu karibu na soko la Nakasero. Walimtisha, akamtaja fundi. Yeye akaachiwa, fundi akachukuliwa, akarudi baada ya miezi kadhaa, mguu haukunjiki.

Ndipo kiongozi akasimama mbele yetu, akalia. "Niliogopa, ndugu zangu. Mimi ndiye niliyemtaja." Kwetu, mtu akishaungama hivyo, watu huinuka, wakaimba, wakamkumbatia, mambo yakaisha. Tukainuka. Sauti ya kwanza ilikwisha kuanza.

"Kaeni chini!" Alikuwa yeye, mke wa polisi. "Banange, jamani, haraka ya nini? Mke wa fundi yuko hapa, hajafungua mdomo."

Mzee mmoja akamkaripia. "Mama, unazuia msamaha?"

"Sizuii msamaha, mzee. Nazuia kelele."

Tukamgeukia mke wa fundi. Alisema polepole, "Mimi leo siimbi. Aje nyumbani amwambie mume wangu, watoto wakisikia. Shuleni wanaambiwa baba yao alifungwa kwa wizi."

Wengine wakataka kikundi kivunjwe. Yule mama akacheka. "Vunjeni! Halafu nendeni Mulago mkamwambie mgonjwa asioge mpaka sisi tupatane." Basi tukaendelea kwenda, bila kiongozi. Naye alikwenda kwa fundi, akafukuzwa, akarudi tena, mpaka akasikilizwa, na watoto wakasikia. Aliporudi kwetu hakupewa kuongoza. Alipewa beseni, akamwaga maji machafu kama sisi. Jumapili moja, humo wodini, mke wa fundi akampokea beseni lile, akaanza wimbo yeye mwenyewe.

Tangu hapo nimeona viongozi wengi wa kanisa wakianguka. Kuna watu hukimbilia kufunika, na wengine hukimbilia kufukuza. Anayekwenda kumwuliza aliyeumia, "Wewe unataka nini?" ni nadra sana.

Jumamosi, pale kaburini, watu walipotaka kuimba, mke wa fundi aliinua mkono. "Ngojeni kwanza. Kuna mtu ambaye hajasema?"

Yule kiongozi wa zamani, siku hizi anatembelea mkongojo, akasogea mbele. "Mimi. Siku ile nilimchukia mama huyu kuliko wale askari. Lakini angewaacha mniimbie, ningerudi nyumbani nimesamehewa na watu ambao sikuwakosea."

Hapo ndipo tukaimba.