Kapu la kwenda Kariakoo

Pale Segera, mama mmoja wa Kwaluguru, wilayani Handeni, alikuwa anapanda basi kwenda kulitembelea Soko la Kariakoo, alilolisikia tangu utoto bila kuliona. Alikumbatia kapu la machungwa.

"Mama, machungwa unapeleka Kariakoo?" kondakta akashangaa. "Yamejaa kule! Na basi limejaa. Acha kapu, upande."

"Mwanangu, naenda kutembelea watu. Niingie mikono mitupu?"

"Kwani una ndugu sokoni?"

"Nikifika ndiyo nitawajua."

Kondakta akapiga ubavu wa basi liondoke. Mama hakusogea. Ikabidi mimi, abiria niliyeketi karibu na mlango, niseme kapu nitalipakata.

Siku ya tatu tukakutana kwenye basi la kurudi. Kapu lilikuwa limejaa vilevile.

"Hawakupokea?" nikamuuliza.

"Walipokea vizuri mno, mzee wangu! Muuza matunda mmoja akasema hawezi kunirudisha na kapu tupu, akanijazia machungwa. Ameniapia ni ya Handeni."

Akanipa manne, na Jumapili amenialika kwake. Mikono mitupu siwezi kwenda. Machungwa yako mezani, nami nimewakataza wajukuu kuyagusa.