Siku Nilipompigia Mama Mkwe Penalti kwa Kengele

Kuna aibu zinazoisha baada ya wiki moja, watu wakapata nyingine ya kusemea, lakini yangu imekataa kuisha, kwa hiyo afadhali niwasimulie mwenyewe kuliko mkaisikie kule chini Morogoro mjini ikiwa imeongezewa chumvi. Mimi Kasiani, mtu mzima, baba wa watoto watatu, nilimchezea ngoma mama mkwe wangu siku ambayo mlima mzima ulikuwa unamlilia. Na aliyewatangazia watu msiba huo ni mimi mwenyewe.

Chanzo ni mpira. Vijana wetu wa taifa, wale wa chini ya miaka kumi na saba, walikuwa wamefika robo fainali ya mashindano ya Afrika, na kipa wao amekulia Kilakala kule mjini lakini mama yake mzazi katoka ukoo wa mke wangu, huku huku mlimani. Sasa kwetu Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama (baba yake na ukoo wake watajijua wenyewe), kwa hiyo kipa wa taifa alikuwa mjukuu wa mama mkwe wangu, na hilo halikuwa na mjadala.

Mama mkwe mwenyewe alikuwa kitandani wiki ya tatu, mguu umevimba, hatoki. Asubuhi ya mechi nikapita kumjulia hali, nikasimama nje ya dirisha kama adabu inavyotaka (mkwe mwanaume haingii chumba anacholala mama mkwe, hata nyumba ikishika moto utamwita mwingine amtoe), nikasema, "Shikamoo mama."

"Marahaba, mkwe. Leo mjukuu wangu anacheza na mimi nimelala hapa kama gunia. Nitajuaje?"

Hapo ningesema tu kwamba nitakuja kumwambia jioni, nikaenda zangu. Lakini nilikuwa na shida yangu. Bondeni kando ya mto kuna kishamba cha ukoo, udongo mweusi, maji mwaka mzima, na Jumapili ile ile ukoo ulikuwa unakaa kuamua tupewe mimi na mke wangu Veneranda, au kiende kwa Mjomba Damiani, kaka yake mama mkwe, ambaye alikuwa anasema waziwazi kwamba mwanaume anayekimbilia redio kila timu ikicheza hawezi kumwagilia mboga. Neno la mwisho ni la mama mkwe. Sisi tulikuwa tunalima kipande cha mawe matupu, kabichi zinatoka saizi ya ngumi, na nilikitaka kile kishamba mpaka nikawa nakiota. Kwa hiyo nilitaka mama anione mtu wa maana.

"Mama, usijali," nikasema. "Redio inashika kule juu kanisani tu, lakini mimi si ndiye mpiga kengele? Kila bao letu nitakupigia pigo moja zito. Utalisikia hapo hapo kitandani."

"Pigo moja bao moja," akasema, akacheka, na mimi nikaondoka nimevimba kichwa. (Betri za redio nilikuwa sina, nikazipata. Nilikozipata mtasikia mbele.)

Sasa niwaeleze kengele ya kigango chetu. Ya misa naipiga harakaharaka, mfululizo. Ya msiba napiga pigo moja, nasubiri mlio ufe kabisa, napiga lingine, nasubiri tena, na kila anayeisikia anaacha alichoshika, wanawake wanabeba unga na kuni, wanaume wanabeba majembe na sepetu za kuchimbia kaburi. Mtaniuliza, Kasiani, miaka kumi na moja unavuta kamba ile, hukuliona hilo? Sikuliona. Nilidhani tutafunga moja, labda mawili kwa bahati, basi, na nani ataitikia pigo moja.

Nikakaa chini ya mnara, kamba mkono wa kulia, redio sikio la kushoto. Wakatufunga mapema. Dakika za mwishomwisho tukasawazisha, nikavuta kamba, ngooo, mara moja. (Baadaye niliambiwa kwamba ng'ambo ya bonde watu waliinua migongo, wakasubiri, wakaona kimya, wakasema labda ni upepo.) Mechi ikaisha moja moja, na mtangazaji akasema neno ambalo sikuwa nimeliweka kwenye mpango wangu, yaani penalti.

Wa kwetu wa kwanza akafunga, ngooo. Wao wakafunga, mimi kimya, nimeshika kamba tu. Wa pili wetu akafunga, ngooo. Wao wakafunga. Wa tatu wetu akapaisha juu, nikakaa kimya kirefu mpaka machozi yakanilenga, na wao wakagonga mwamba. Wa nne, ngooo. Wao wakafunga. Wa tano, ngooo. Halafu kijana wetu wa Kilakala akaruka akaipangua penalti yao ya mwisho, na mimi nikavuta kamba tena kwa raha zangu tu, bila hesabu yoyote. Hata leo nikiambiwa niipige kengele ya msiba kwa akili zangu zote, siwezi kuipiga vizuri kuliko nilivyoipiga siku ile.

Nilichotakiwa kufanya baada ya hapo ni kurudi nyumbani taratibu. Badala yake nikachukua ngoma ya kwaya, nikajifunga kitenge cha kwaya kiunoni, nikashika njia ya kwa mama mkwe huku napiga, naimba, naruka mifereji, na njiani sikukutana na mtu hata mmoja, nikajiambia watu wa huku hawapendi taifa lao.

Kumbe wote walikuwa wamefika. Nilipotokeza nyuma ya migomba nikaona uwanja wa mama mkwe umejaa, watu wa vitongoji vyote, hadi wa ng'ambo, na mimi, jamani, nikafikiri wamekuja kushangilia. Nikaona mizigo ya kuni nikafikiri watapika. Nikaongeza mdundo. Nikaingia katikati yao nikayumbisha mabega, nikapiga magoti mbele ya mlango wa mama mkwe nikaicharaza ngoma ile kwa mikono miwili, na nilipoinua uso nikamwona Veneranda wangu, amejifunga khanga kichwani, macho mekundu, ananitazama kama mtu asiyenijua.

Mjomba Damiani akasogea na jembe begani. "Kasiani, unamchezea ngoma mama yako?"

"Kwani kuna nini, mjomba? Nani amefariki?"

"Unatuuliza sisi? Kengele umepiga wewe."

Mngefikiri hapo nilielewa kwamba watu wamesikia kengele ya msiba wakakimbilia kwa mgonjwa wanayemjua. Thubutu. Nilimwangalia Veneranda, nikauangalia mlango umefungwa (hakuna aliyethubutu kuingia kabla mjomba hajafika, na ndiyo kwanza alikuwa amefika), na akili yangu ikaniambia kwamba mama mkwe kweli ameaga dunia wakati mimi nasikiliza penalti. Nikaitupa ngoma, nikaanguka kifudifudi, nikalia kilio ambacho sikumlilia hata baba yangu. Nililia, "Mama nisamehe, nilikuwa nataka kishamba, nilijipendekeza kwako, mama nisamehe, na zile betri za tochi yako uliyoiacha dirishani ni mimi nimezichukua, umelala gizani mama yangu, umekufa gizani kwa ajili yangu." (Ilikuwa saa kumi na moja jioni na jua linawaka, lakini kilio hakina saa.)

Mlango ukafunguka. Mama mkwe akasimama pale, fimbo mkono mmoja, mkono mwingine ameshikilia mlango, na wanawake waliokuwa karibu wakakimbia wakaangusha unga wote.

"Kwa hiyo betri ni wewe," akasema.

Akawageukia wale wengine.

"Na mnalia nini? Mimi nimehesabu mapigo vizuri kabisa, halafu nikasikia vilio, nikajua basi, tumefungwa. Tumefungwa?"

"Tumeshinda, mama," nikasema kutoka chini.

Kicheko kilichopigwa pale sitaki kukielezea. Walicheka watu waliokimbia bonde zima na mzigo wa kuni kichwani, alicheka katekista huku ananinyang'anya ufunguo wa kanisa, na Veneranda peke yake hakucheka. Hakusema na mimi siku mbili, ila kuniambia kwamba anachonipa ni chakula tu, maneno nikayatafute kanisani. Nilitamani kuhamia Dakawa nikalime mpunga kwa watu wasionijua.

Jumapili ukoo ukakaa, mama mkwe amewekewa kiti barazani. Mjomba Damiani akaanza mapema. "Mtu aliyemchezea dada yangu ngoma, huyo ndiye tumpe ardhi?" Mimi nilikuwa nimeshaitoa roho yangu kwenye kile kishamba. Nilikuwa natazama vidole vya miguu yangu.

"Damiani," akasema mama mkwe, "chumba changu kina dirisha. Siku ile nilikusikia unauliza kaburi likae wapi, na ukasema bondeni hapana, kishamba kitaharibika. Sikujua kumbe ni langu. Nilikuwa bado sijazikwa. Huyu mwizi wa betri alilia mpaka akakosa pumzi, na aliyasema mabaya yake yote bila kuulizwa. Kishamba ni cha Veneranda na mkwe wangu. Kamba ya kengele asiiguse tena."

Basi ndiyo hivyo, kishamba tunacho, kabichi safari hii zinajaza mikono miwili, na Veneranda ananisemesha. Lakini mimi nimeapa sitatangaza tena kitu chochote hapa mlimani, kiwe bao, kiwe harusi, kiwe ng'ombe wa mtu aliyepotea, atangaze anayeweza. Nusu fainali vijana wetu walifungwa mbili bila. Nilirudi kimya, nikalala. Asubuhi nikapita kumwamkia mama mkwe, akauliza kupitia dirishani mechi imekuwaje, nikamwambia, "Mama, bado wanacheza."